Weusi Huanzia Juu

Machi 12

Mzee amenipa daftari hili asubuhi, jipya, la kurasa mia mbili, akaniambia kuanzia leo mimi ni karani wake. Kazi yangu ni kuandika kila utando wa sabuni anaoupiga picha: namba yake, umedumu dakika ngapi, na rangi zake zilivyopangana. Nikamuuliza kwa nini asiandike mwenyewe. Akasema mwandiko wake hausomeki. Miaka thelathini na minane ya ndoa, leo ndiyo amegundua.

Mvua zimeanza juzi. Amezisubiri tangu mwaka uliopita, maana wakati wa kiangazi utando unapasuka hata hujageuza shingo, lakini hewa ikiwa na unyevu unadumu. Kwa hiyo watu wengine wakianika nguo ndani na kulalamika, sisi ndio tunaingia kazini. Mchapaji, yule binti aliyefundishwa kazi na Mzee zamani na sasa ana kiwanda chake mwenyewe, ameahidi kumtolea kalenda ya picha kumi na mbili. Anazitaka mwisho tarehe kumi Mei.

Vifaa ni hivi: waya wa kutundikia nguo uliokunjwa duara. Sahani yenye sabuni ya vyombo, maji ya mvua yaliyochujwa, gliserini ya duka la dawa na kijiko cha sukari. Nyuma kitambaa cha mahameli nyeusi, nimekishona mimi. Pembeni shuka jeupe. Taa inamulika shuka, shuka linamulika utando. Kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu, pua yake karibu igusane na waya, na lenzi imefungwa nyuma mbele, eti ndivyo inavyoona vidogo vikawa vikubwa. Studio yenyewe ni jiko langu. Hakuna aliyeniomba ruhusa.

Machi 13

Tando sita. Zote zimepasuka. Mkono unaoshika waya ni wangu, kwa hiyo lawama pia ni zangu.

Machi 14

Nane. Zimepasuka.

Machi 17

Utando namba 23. Huu nauandika kwa kituo.

Leo tumeufunga waya kwenye mguu wa stuli, mkono wangu ukapumzika. Mwanzoni utando haukuwa na lolote, unaona mahameli tu. Kisha rangi zikaanza kulala moja juu ya nyingine, chini kijani na pinki, kijani na pinki, juu yake manjano, juu yake bluu, halafu zambarau, halafu rangi ya maji ya chai, halafu kama fedha. Zote zinashuka polepole, kwa sababu maji yanateremka na huku juu kunazidi kuwa kwembamba. Nilisahau kuhesabu dakika. Nilikuwa nimefungua mdomo kama mtoto.

Ndipo juu kabisa kukaingia weusi. Nikasema umetoboka. Mzee akaninong'oneza, maana hata pumzi hairuhusiwi pale, kwamba hapana, utando upo, ila umekuwa mwembamba mno hata mwanga haurudi. "Weusi huanzia juu," akasema. "Ukifika upana wa kidole, piga. Ukingoja viwili, huna kitu." Akapiga. Ukapasuka.

Akacheka. Naandika hilo pia, kwa sababu tangu studio ya picha alikofanya kazi ilipofungwa sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Miaka thelathini na mmoja alikuwa kwenye chumba cha kusafishia picha, yeye ndiye anayesema rangi hii imezidi, hii imepungua. Wakimwita Bwana Rangi. Hakuna bibi harusi aliyetoka pale na uso wa kijani. Halafu simu zikaja na kamera ndani yake, studio ikafa, na mume wangu akakaa kwenye kiti cha sebuleni miaka miwili akitazama ukuta, rimoti mkononi, televisheni imezimwa. Nilifika mahali nikawa naogopa kurudi nyumbani. Sabuni ndiyo iliyomwinua. Nikilalamikia jiko langu, nijikumbushe.

Machi 22

Tumegombana na Mzee kuhusu cherehani.

"Mama, hiyo cherehani yako inatikisa sakafu. Utando unatetemeka."

"Na sketi arobaini za shule zitajishona zenyewe?"

"Utashona nikimaliza."

"Wewe tangu lini ukamaliza kitu?"

Tumeafikiana: asubuhi sabuni, mchana cherehani. Tando tano, mmoja mzuri, dakika tatu.

Machi 27

Tando tatu, hakuna la maana. Mchana nilimwomba anipitishie uzi wa bluu kutoka kwenye boksi, akanipa wa kijani. Nikamwambia, Bwana Rangi, leo umekunywa nini? Akasema mwanga wa jikoni ni mbaya. Tukacheka wote.

Machi 28

Mvua mchana kutwa. Sikushona, sikupika. Mkate na chai.

Machi 30

Amejigonga kwenye mlango, bega la kushoto. Ni mara ya pili wiki hii. Mlango uko pale pale tangu tuhamie.

Aprili 3

Leo amekaa kwenye kompyuta tangu asubuhi akirekebisha rangi za picha ya kwanza, ile ya namba 23. Saa kumi akaniita. Nikaenda na sindano mdomoni.

Picha ilikuwa imeharibika. Sijui niseme vipi. Ile fedha imekuwa bluu, maji ya chai yamekuwa majivu, na manjano sikuiona kabisa. Ilikuwa kama shati jeupe lililozidishiwa bluu ya kufulia. Mimi nimelinganisha uzi na kitambaa maisha yangu yote, na utando ule niliuona kwa macho yangu. Haukuwa hivyo.

Akageuka kwenye kiti. "Unaionaje?"

Alikuwa amenyoa ndevu. Siku hizi anajinyoa kila siku.

Nikasema, "Nzuri."

Akanitazama kidogo, kisha akapumua, akarudi kwenye kazi yake.

Aprili 6

Nimefanya jambo la aibu. Nilimwaga nyuzi kumi mezani nikamwambia macho yangu yamechoka, anisaidie kuzipanga kwa rangi. Akakaa kwa furaha. Bluu akaziweka pamoja na kijani. Manjano akaiweka na pinki iliyopauka. Zambarau akaichanganya na damu ya mzee, na akazigongagonga kwa kidole zikae sawa kwenye mstari, kama alivyokuwa akipanga picha za watu kwenye kaunta.

Nikasema ahsante. Nikaenda bafuni, nikafungulia bomba, nikalia.

Nimewaza sana. Nikimwambia leo, ataiacha kamera leo hii, na atarudi kwenye kile kiti. Namjua. Na safari hii hatainuka. Kwa hiyo nitamwambia kalenda ikishatoka. Ni wiki chache tu. Jicho halikimbii. Baadaye tutatafuta miwani.

Aprili 10

Nimesema naenda kununua vifungo. Nimekwenda kwa Mchapaji.

Binti wa watu alikuwa ameshaona. Picha tatu alizotumiwa zipo wazi kwenye kompyuta yake, zote zimelowa bluu, na hakuwa na ujasiri wa kupiga simu. "Mama, Mwalimu amebadilisha mtindo?" akaniuliza, na nikaona anaomba niseme ndiyo.

Nikamwambia ukweli, nikampa flashi yenye picha zenyewe kabla hazijaguswa. Kisha nikatoa boksi langu la nyuzi mkobani. Tulikaa saa mbili. Nikamwonyesha kwa uzi: hapa ilikuwa hii, hapa hii, hapa katikati ya hii na hii. Akasema mimi nina jicho. Sikufurahi hata kidogo.

Tumekubaliana Mwalimu asijue. Njiani nimekumbuka kununua vifungo.

Aprili 14

Mvua. Namba 61 hadi 68. Hakuna.

Aprili 15

Mvua. Hakuna. Ukuta wa jikoni umeanza ukungu.

Aprili 16

Mvua. Picha mbili. Amerekebisha zote mbili. Ameniuliza. Nimesema nzuri. Sasa linatoka lenyewe.

Aprili 21

Namba 90. Dakika kumi na moja na sekunde ishirini!

Sijui ilikuwa hewa au ile sukari iliyozidi. Utando ulikataa kufa. Rangi zikapanuka, mistari ikawa mipana kama utepe, na pembeni vikazuka vijizunguko vidogo vya pinki vinavyopanda wakati kila kitu kingine kinashuka. Tulikaa mabega yakigusana hatupumui.

Katikati akaniuliza kimyakimya, "Juu sasa hivi ni rangi gani?"

"Zambarau. Sasa inaingia maji ya chai."

"Enhe. Na sasa?"

"Fedha."

Alikuwa ameinamia kamera. Nilidhani ananifundisha, ananipima kama alivyokuwa akiwapima wanafunzi. Nikajibu kwa maringo. Amepiga picha tisa. Tukanywa chai na jirani hakuelewa tunacheka nini.

Ni sasa, nikiandika, ndipo naona ile sauti haikuwa ya mwalimu. Labda anajua. Kama anajua, mbona hasemi? Na mimi mbona sisemi? Tumekuwa wapumbavu wawili ndani ya jiko moja.

Aprili 29

Ametumbukia kwenye mtaro mbele ya nyumba. Mtaro uko kushoto ukitoka, na upana wake hata kipofu angeu—

Nimeandika neno hilo nikaacha kalamu. Goti limechanika, nimemfunga. Akasema ni utelezi. Nikasema ndiyo, ni utelezi, mvua hizi.

Mei 5

Kitinda mimba wetu amekuja bila taarifa, amepata ruhusa kazini siku tano. Alipoingia alimnyoshea baba yake mkono kwa upande wa kushoto, na mkono ukabaki hewani. Hakungoja hata kuvua viatu. Akanivuta chumbani.

"Mama, Baba haoni."

"Anaona. Rangi tu ndizo zinamchanganya."

"Tangu lini?"

Nikaanza kunyoosha shuka la kitanda.

"Mama. Tangu lini?"

"Kalenda ni tarehe kumi," nikasema. "Zimebaki picha mbili."

Aliniangalia kama anaangalia mtu wa barabarani. Mtoto niliyemzaa mwenyewe. Akatoka, akamwambia baba yake ajiandae, keshokutwa wanakwenda hospitali. Nilingoja Mzee akatae. Hakukataa. Aliuliza tu saa ngapi.

Mei 7

Daftari lilikuwa mkobani. Nililichukua kwa mazoea.

Walimweka kwenye mashine, kidevu juu ya kibao, wakampa kitufe: kila akiona kidoa cha mwanga abonyeze. Mimi na Kitinda mimba tulikaa nyuma yake. Jicho la kulia lilikuwa linabonyeza, linanyamaza, linabonyeza. Walipofika la kushoto nikawa nasikiliza. Nilisikia feni. Nilisikia mtu akikohoa nje. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, kimejiandaa, vilevile kinavyojiandaa juu ya kamera, na hakikushuka.

Ni presha ya macho. Daktari alieleza polepole: presha inaubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, haiumi, inakula pembeni kwanza, na kwa wengine inaanza kuvuruga rangi mapema. Jicho la kushoto limebakiza kidogo sana. La kulia limeguswa. Kilichopotea hakirudi, hata kwa upasuaji. Atatiwa dawa ya matone maisha yake yote ili kulinda kilichobaki.

"Mzee, dalili ulianza kuziona lini?"

"Nilikuwa na wasiwasi kidogo," akasema Mzee. "Lakini mke wangu alisema rangi ziko sawa."

Hakulisema kwa ubaya. Ndivyo alivyokuwa anajua.

Daktari akanigeukia. Ningeweza kusema sijui. Nikafungua daftari, nikasoma: Machi ishirini na saba, uzi wa bluu, akanipa wa kijani. Nikasoma Machi thelathini, mlango. Nikasoma Aprili tatu na Aprili sita, zote, mpaka lile la bafuni. Hakuna aliyenikatiza. Nikamuuliza daktari kama wiki hizo sita zingeokoa kitu.

"Mama, siwezi kukwambia zingeokoa nini. Presha yenyewe iko juu mno. Ningependa tu mngekuja mapema."

Afadhali angenitukana.

Mei 9

Matone asubuhi, matone jioni. Kimya.

Mei 10

Kitinda mimba ameondoka. Amenibusu shavuni bila kunitazama.

Mei 11

Amekaa kwenye kile kiti.

Mei 12

Ameanza yeye kusema, nikiwa nakunja sketi.

"Siku ile ya picha ya kwanza, nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza naionaje."

"Unajua kwa nini nilikuuliza wewe?"

Nikasema sijui.

"Nilikuwa naona mambo hayakai sawa. Siku nyingi tu. Nikasema nikimuuliza Mchapaji, ananiheshimu, atanificha. Mtoto ananipenda, atanificha. Nitamuuliza huyu mwanamke, maana huyu tangu nimwoe hajanisifia hata siku moja. Nikipika anasema chumvi. Nikivaa suti anasema mabega. Huyu akisema mbaya, ni mbaya. Kesho yake naenda hospitali." Akapangusa jicho, sijui ni dawa au ni nini. "Ukasema nzuri. Siku ile nililala usingizi, Mama. Nikajiambia kumbe mimi ni mzima."

Sketi zilikuwa bado mikononi mwangu. Nilidhani nampa zawadi. Nimemnyima kitu kimoja alichokuwa anakihitaji kwangu, na alikuja kukiomba kwangu kwa sababu hakipatikani kwa mtu mwingine. Najichukia. Sitalifuta neno hilo, libaki hapo.

Mei 19

Mchapaji ameleta kalenda. Picha kumi na mbili zimetimia, alijazia mbili kutoka zile tisa za namba 90. Mzee akaishika karibu na jicho la kulia, akainusa wino, akapitisha kidole gumba pembeni ya karatasi.

Kabla hajauliza, nikamwambia. Kwamba rangi hizo si alizopanga yeye, nilizipanga mimi kwa nyuzi zangu, nyuma ya mgongo wake. Mchapaji akainamisha kichwa. Mzee akafungua ukurasa wa kwanza, akaniambia nimweleze picha ya Januari. Nikamweleza, kuanzia chini kwenda juu, mpaka ule weusi wa upana wa kidole.

"Ndivyo ilivyokuwa nilipoipiga?"

"Ndivyo."

"Basi kazi yako ni safi," akamwambia Mchapaji, si mimi.

Alipoondoka mgeni, Mzee aliitundika kalenda mwenyewe, kwa kupapasa msumari. Ameitundika ukutani kushoto kwa kiti chake, upande asiouona. Sikumuuliza kama ni makusudi.

Mei 23

Hakuna mvua siku ya tatu. Sketi zimekwenda. Cherehani inatikisa sakafu siku nzima na hakuna anayelalamika. Sikujua ningeyatamani yale malalamiko.

Mei 27

Mvua zimekatika kabisa. Hewa imekauka, vumbi limeanza kuingia dirishani. Nilikuwa naosha vyombo aliposimama mlangoni mwa jiko, mkono kwenye fremu.

"Lete sahani ya sabuni."

"Kumeshakauka. Hazitadumu."

"Lete."

Nikafunga dirisha. Nikatandika mahameli, nikawasha taa, nikafunga waya kwenye stuli. Akakaa nyuma ya kamera, akaipapasa kama anasalimiana nayo.

"Leo unasema unachokiona," akasema. "Ukianza kunionea huruma, tunafunga."

Nikachovya. Nikaanza kumsomea, haraka, kwa sababu rangi zilikuwa zinakimbia. Kijani. Pinki. Kijani imeshuka. Manjano. Bluu. Zambarau. Chai. Fedha.

"Weusi umeingia."

"Kiasi gani?"

"Nusu kidole. Kidole. Kidole, Mzee!"

Kidole chake kilikitafuta kitufe, kikakikosa, kikakipata. Tuliusikia mlio wa kamera, na kwenye waya hakukuwa na kitu.

Akaniuliza picha ikoje. Nikainama kwenye kioo cha kamera. Mahameli, waya, na tone moja la maji linaning'inia. Uso wake ulikuwa umenigeukia, umenyolewa, jicho moja linanitafuta. Lile neno lilikuja mpaka kwenye ulimi. Nalijua sasa ladha yake.

"Mbaya," nikasema. "Umechelewa. Hakuna kitu."

Akaondoa kidole kwenye kitufe. Nikasubiri ainuke arudi kwenye kiti chake, na sikuwa na la kumzuilia.

"Andika hivyo," akasema.

Utando namba 142. Sekunde arobaini. Mbaya.